Tusomeane aya mpaka mwisho: kisasi na msamaha kati ya Waislamu na Wakristo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu haya maneno tunayorushiana Waislamu na Wakristo kila likitokea jambo, kwamba Uislamu ni dini ya kisasi na Ukristo ni dini ya msamaha, au upande wa pili kwamba Wakristo kugeuza shavu ni midomoni tu, historia yao imejaa damu. Miaka hii Ramadhani na Kwaresima zimekuwa zikiingiliana, watu wa dini zote wanafunga kwa pamoja, nilitegemea tungesikilizana zaidi, lakini klipu zinazozunguka kwenye simu ni zilezile na vijana wetu wa sekondari wanazimeza kama zilivyo. Mimi ni Muislamu, mama yangu mdogo ni Mlutheri na wanawe nimekua nao nyumba moja, kwahiyo yakisemwa ya upande huu yananiuma na yakisemwa ya upande ule yananiuma vilevile.

Aliyewahi kusimama kwenye mhadhara wa dini wa uwanjani anajua inavyokuwa. Meza imetandikwa kitambaa, vitabu vimepangwa, spika ya kukodi, mzungumzaji yupo na msomaji wake kakaa pembeni na mic yake. Mzungumzaji wa Kikristo anasema nisomee Qur'an, sura ya Maida aya ya 45, msomaji anaanza, na humo tuliwaandikia ya kwamba roho kwa roho na jicho kwa jicho na pua kwa pua na sikio kwa sikio na jino kwa jino na kwa majeraha kisasi, akifika hapo tu mzungumzaji anapaza sauti "ishia hapo!" na umati unalipuka, mnaona wenyewe, dini ya kisasi hiyo. Sasa maneno yanayofuata palepale, kwenye aya hiyohiyo, yanasema atakayesamehe basi itakuwa kafara kwake, yani madhambi yake yanafutwa kwa kule kusamehe. Hayo hayasomwi. Na ule mwanzo wa aya, "humo tuliwaandikia", humo wapi? Ni kwenye Taurati, ndo inayozungumziwa hapo, kwahiyo anayemsema Muislamu kwa aya hii anamsomea kitu ambacho kipo kwenye Biblia yake mwenyewe, Kutoka 21, Walawi 24 na Kumbukumbu la Torati 19.

Na sisi Waislamu tunafanya hivyohivyo, tena kwa ufundi mkubwa. Nimesikia mara nyingi wahadhiri wa kwetu wakiagiza Luka 19:27, pale panaposemwa wale adui zangu waleteni hapa mkawachinje mbele yangu, alafu "ishia hapo!", na sisi tunapiga takbira. Ukirudi nyuma kidogo kwenye sura hiyo unakuta Yesu yuko kwenye kutoa mfano wa mtu kabaila aliyesafiri akawaachia watumwa wake fedha, na maneno ya kuchinja ni ya huyo mtu wa kwenye mfano. Aliyekuwa anasoma anajua. Anajua na anaishia hapo kwa makusudi, na hilo ndo linalonikera kuliko ujinga, maana mjinga unamfundisha.

Hivi "jicho kwa jicho" ilikuja kufanya nini? Watu wanadhani ni amri ya kwenda kung'oa macho. Ukisoma Mwanzo 4 yupo mtu anaitwa Lameki anajisifia mbele ya wake zake kwamba kaua mtu aliyemjeruhi tu, na kwamba kama Kaini analipiwa kisasi mara saba basi yeye atalipiwa mara sabini na saba. Hiyo ndo dunia iliyokuwepo. Waarabu kabla ya Mtume (s.a.w.) walikuwa hivohivo, vita vya Basus vinasimuliwa vilianza kwa ngamia mmoja kuuliwa na makabila mawili ndugu wakachinjana miaka arobaini. Mtu wa kabila lako akiuawa unaua kumi wa kwao, ukikosa muuaji unaua ndugu yake, ukikosa ndugu unaua mtumwa wake. Kwenye dunia ya namna hiyo ukisema jicho kwa jicho maana yake ni jicho MOJA, la yule yule aliyetoboa, basi. Israa 33 inampa haki mrithi wa aliyeuawa na hapohapo inamkataza asipite kiasi. Mayahudi nao wanavyuoni wao tangu zamani kwenye Talmud, kitabu cha mafundisho yao, waliielewa jicho kwa jicho kuwa ni fidia ya pesa, gharama za matibabu, maumivu, kazi iliyopotea na fedheha, sasa wenye kitabu wenyewe wameelewa hivo alafu sisi huku tunakitumia kutukanana. Na Yesu alipoambiwa na Petro nimsamehe ndugu yangu hata mara saba, akajibu hata saba mara sabini, hebu isome ukiwa na Lameki kichwani utaona anamjibu nani.

Sasa nije kwenye hoja yangu, Mhariri. Kisasi chenye mpaka na msamaha, vyote viwili, ni mali ya aliyedhulumiwa. Si mali ya umati, si ya mhadhiri, si ya mchungaji wala imamu. Matatizo yetu yote naona yanaanzia pale watu wengine wanapomnyang'anya mwenye kidonda haki yake, aidha wanalipa kisasi kwa jina lake au wanasamehe kwa niaba yake.

Mfano wa kulipa kisasi kwa jina la wengine tunao hapahapa nyumbani, Mbagala, Dar es Salaam, Ijumaa ya tarehe 12 Oktoba 2012. Watoto wawili, mmoja Mkristo mwingine Muislamu, walibishana mambo ya kitoto kuhusu Msahafu, kwamba ukiukojolea utageuka mnyama, na yule mmoja akaukojolea. Ni jambo la kuumiza, na mimi liliniuma, sitaki kusema ni dogo. Lakini kilichofuata? Watu walikwenda kituo cha polisi wakidai wapewe mtoto, MTOTO jamani, na walipokosa wakaenda kuchoma na kuvunja makanisa. Rais Kikwete mwenyewe ilibidi aende kule kuyaona na kutuliza watu. Wale waumini wa yale makanisa walikuwa wamefanya nini? Mzee aliyechangia bati la kanisa miaka kadhaa iliyopita anahusikaje na ugomvi wa watoto? Wakristo wengi siku zile walisema ndo Uislamu ulivyo, kisasi. Nikasema hapana, na leo naandika tena hapana, ile haikuwa kisasi cha Kiislamu kwa sababu Qur'an inasema kwenye An'am 164 kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine, na kisasi chenyewe kwenye sheria kinamhusu aliyetenda, aliyebaleghe, mwenye akili timamu, tena mbele ya kadhi au mtawala, hakuna kitabu cha fiqhi, yani sheria za Kiislamu, kinachompa kijana wa mtaani kiberiti. Wakristo nao wana neno hilohilo kwenye Ezekieli 18, mwana hatauchukua uovu wa baba yake wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe. Mbagala ilikuwa ni Lameki amerudi, kavaa kanzu.

Na kavaa tai pia, tusijidanganye. Mwizi wa kuku au wa simu akikamatwa mtaani nani anauliza dini ya mwenye tofali? Wanaomchoma ni haohao wanaorudi Jumapili kuimba na Ijumaa kusimama safu ya mbele, tairi inaletwa, petroli inanunuliwa kwa kuchangishana, mtu anakufa kwa ajili ya simu ya laki na nusu. Hapo shavu la pili limeenda wapi, na mashahidi na kadhi wameenda wapi? Sijawahi kusikia mhadhara mmoja, wa upande wowote, wa kuita vijana uwanjani kuwaambia kwamba kuchoma mwizi ni haramu na ni dhambi. Ukisikia umefanyika mahali naomba uniambie nitapanda gari niende.

Sasa upande wa pili, kusamehe kwa niaba ya mtu, huu hausemwi sana na ndo ulionisukuma kuandika. Mtaani kwetu kuna mama muuza mboga, Mkristo, kijana wake aligongwa na bodaboda akavunjika mguu mahali pawili. Dereva anasali kanisa moja na huyo mama. Hogo halijakauka vizuri mguuni wazee wa kanisa wakaja, wakakaa pale nje kwenye benchi wakasoma Biblia, mama samehe, usiende polisi, kushtakiana ndugu wa imani ni aibu. Mtoto yuko ndani analia na maumivu na kila mtu anayasikia. Dereva mwenyewe hakuwepo kwenye msafara, hajaja hata siku moja kusema pole. Mama akaitikia, afanyeje, wazee wamekuja. Baadaye ndugu wa dereva walipoleta laki tatu akazipokea akalipie hospitali, basi maneno yakaanza, kauza msamaha, Mkristo gani anadai pesa, na jirani zetu wengine Waislamu nao wakaongezea ungekuwa kwetu ungelipwa vizuri bila kelele, kama vile kwetu mambo yamenyooka. Alikuja kuniuliza, "Jirani, hivi nikisema nimemsamehe na hela ya hospitali naitaka, nimekosea wapi?"

Nilimwambia mama hujakosea popote, na sikumjibu kwa Qur'an, nilimfungulia Biblia ya mama yangu mdogo. Kutoka 21:18-19, mtu akimjeruhi mwenzake akalala kitandani, aliyemjeruhi atamlipa muda alioupoteza na atamuuguza mpaka apone. Luka 17:3, ndugu yako akikosa, MWONYE, akitubu msamehe, kwahiyo kuna kuonywa na kuna kutubu, si kwamba mwenye mguu uliovunjika ndo anaonywa. Zakayo mtoza ushuru alipookoka hakuishia kulia, alisema kama nimemnyang'anya mtu kwa hila namrudishia mara nne, na Yesu hakumwambia acha bwana umeshasamehewa. Na Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, Yohana 18:23, hakurudisha kofi lakini hakunyamaza pia, aliuliza, kama nimesema vema wanipigia nini? Kumbe kugeuza shavu hakukumzuia kumwambia mpigaji kwamba umenionea.

Na kwetu ni yaleyale, wala tusijione. Kila tukikaribia Ramadhani simu zinajaa meseji, naomba unisamehe kwa yote niliyokukosea kwa kujua na kutojua, inatumwa kwa watu wote kwenye simu kwa mkupuo, na aliyedhulumiwa kiwanja chake anaipata hiyohiyo meseji bila kurudishiwa hata hatua moja ya ardhi. Mtume (s.a.w.) aliwauliza maswahaba mnamjua nani muflisi, akawaambia ni yule atakayekuja siku ya Kiyama na swala na funga na zaka lakini kamtukana huyu, kala mali ya huyu, kampiga huyu, basi mema yake yatagawiwa hao mpaka yaishe, na yakiisha atabebeshwa madhambi yao. Wakristo wanalo kwenye Mathayo 5:23-24, ukiwa unaleta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kapatane naye kwanza. Mayahudi wanafundisha kwamba hata siku yao kuu ya toba haifuti kosa la mtu kwa mtu mpaka umridhishe uliyemkosea. Dini tatu hizo zinasema Mungu hakusamehei deni la jirani yako kwa kumruka jirani, alafu sisi tunagombania ipi yenye msamaha zaidi.

Baya kuliko yote ni hizi "yaishe tumalizane kifamilia" kwenye mambo ya kubaka watoto na kupiga wake. Mbuzi, laki mbili, kikao cha wazee, wakati mwingine shehe yupo, wakati mwingine mwinjilisti yupo, na mtoto hajaulizwa chochote. Sheria ya nchi haina suluhu kwenye kubaka mtoto, hiyo ni kesi ya Jamhuri. Anayeita huo msamaha anamsaidia mhalifu na anaichafua dini yake.

Sisemi kwamba dini zote ni kitu kimoja, sipendi pia maneno ya hivyo, yanasemwa kwenye hafla alafu watu wakitoka wanaendelea kuchukiana kwa sababu hawajaambiwa tofauti ziko wapi. Tofauti zipo. Mkristo anaambiwa kwenye Mathayo 6 kwamba asiposamehe na yeye hatasamehewa, ni lazima kwake, wakati Muislamu ana ngazi, Shura 40 inampa haki ya malipo yaliyo sawa na ubaya aliotendewa, alafu inamwambia atakayesamehe na akasuluhisha ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu, kwahiyo asiyesamehe hajatenda dhambi ila kakosa kheri kubwa. Kwenye damu ndo tofauti inaonekana zaidi. Hesabu 35:31 inakataza kupokea fidia kwa ajili ya uhai wa muuaji, wakati Baqara 178 inairuhusu, warithi wakisamehe walipwe dia, yani fidia ya damu, kwa wema, na aya inaita jambo hilo tahfifu (nafuu) na rehema kutoka kwa Mola. Kwahiyo Mkristo akisikia familia ya Kiislamu huko Uarabuni imepokea pesa na muuaji kaachiwa anaona damu imeuzwa, na Muislamu anaona roho moja imeokolewa na mayatima wamepata chochote. Hapo tuelezane kwa utulivu kila mmoja na sababu zake, hakuna haja ya kuitana washenzi. Na huku kwetu hata hilo halipo, Tanzania mauaji ni mahakama ya serikali kwa wote, na Kenya mahakama ya Kadhi kwa Katiba yao ni mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu basi, wala hakuna kadhi anayekata mkono wa mtu Mombasa.

Kingine kinachotuchanganya ni kudhani ukisamehe basi adhabu ifutwe. Papa Yohane Paulo wa Pili alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca tarehe 13 Mei 1981, siku chache tu baadaye akatangaza kamsamehe, na mwaka 1983 akamfuata gerezani Roma wakakaa viti viwili wakaongea kama watu. Ağca aliendelea na kifungo mpaka mwaka 2000 ndo Italia ikampa msamaha wa kisheria. Na kwetu upo mfano wa Abubakar Sidiki (r.a.), swahaba wa Mtume, Mistah ni ndugu yake maskini aliyekuwa anamlisha, alafu Mistah huyohuyo akawa miongoni mwa waliomsingizia uzinzi Bi Aisha, binti wa Abubakar na mke wa Mtume (s.a.w.). Inasimuliwa Mistah alipata adhabu ya kusingizia. Abubakar akaapa hampi tena hata senti, ikashuka Nur 22, wasamehe na waachilie mbali, je hampendi Mwenyezi Mungu awasamehe? Abubakar akasema naam napenda, akarudisha matumizi. Baba ambaye binti yake kavunjiwa heshima mji mzima, anaendelea kumlisha aliyemvunjia. Mimi hii habari kila nikiisoma nashindwa kuendelea kwa muda, na nataka Mkristo anayeniambia dini yangu haina msamaha aijue, kama ambavyo mimi najua ya Stefano aliyekufa anapigwa mawe huku anaomba wasihesabiwe dhambi ile.

Na kuna watu wametenda bila mihadhara. Novemba 2014 kule Mandera, Kenya, al-Shabaab walisimamisha basi wakawatenga wasio Waislamu wakaua 28. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015, wakasimamisha jingine kwa nia ileile, na abiria Waislamu wakagoma kutengana, wanawake wakawapa Wakristo mitandio wajifunike, wakawaambia tuueni wote au mtuache. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na mwezi uliofuata akafariki. Hao abiria walikuwa na kila sababu ya kuogopa, na Wakristo wa Kenya walikuwa na kila sababu ya hasira baada ya shambulio la al-Shabaab kwenye chuo kikuu cha Garissa Aprili ile ambapo waliuawa watu 148, na bado.

Ombi langu kwako Mhariri. Gazeti lako lina safu ya Ijumaa ya shehe na safu ya Jumapili ya mchungaji, kila mmoja anaongea na watu wake. Naomba mara moja kwa mwezi muwaweke ukurasa mmoja, muwape kisa kimoja cha kweli cha mtaani bila majina, kila mmoja ajibu kwa kitabu chake, na sharti liwe aya ichapwe yote pamoja na ya kabla yake na ya baada yake. Waandaaji wa mihadhara nao wawaombe wasomaji wao waache kutii "ishia hapo". Na kama mtakubali, naomba kisa cha kwanza kiwe cha huyo mama muuza mboga, kamsamehe dereva, hela ya hospitali bado inapungua laki nne na ushee, na hogo linatolewa mwezi ujao. Wamjibu yeye.

Wako katika kusoma,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Morogoro